Mabua ya Nguruwe wa Hilda

Siku Obedi alipomwona Hilda kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amepiga magoti bandani kwake, kijijini Mvumi, akimtandikia nguruwe mwenye mimba mabua ya uwele. Obedi alikuwa amekuja kuomba kibarua. Mtu mzima, lakini ana haya kama mwali. Akasimama nje asijue aanzie wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, hawa hawali watu."

Nguruwe wenye mimba walikaa kila mmoja katika kizimba chake chembamba, wasije wakapigana. Zamani walitafuna mbao mchana kutwa hadi midomo ikatoka damu.

"Si wazimu," Hilda alimweleza baada ya kumpa kazi. "Hawana la kufanya."

Ndiyo maana alikuwa ameanza kuwapa mabua wafukuefukue, akawaning'inizia na vipande vya kamba ya katani wavute. Aliyekaribia kuzaa alimbandulia ubao mmoja apate kugeuka, naye akasomba mabua kwa mdomo, akajitengenezea kiota.

Majirani walicheka. Kwa Wagogo mabua ya kiangazi ni ya ng'ombe.

"Hilda, bado shuka na mto," walimtania.

"Na chandarua. Nitakuja kuazima kwako."

Kisha Hilda akaugua, akalazwa. Mwanawe Yoramu akaja kutoka mjini kusimamia nyumba na mifugo. Alipoona ng'ombe wamebaki mbavu, akawapa mabua yote, na ule ubao uliobanduliwa akaurudisha kwa misumari.

"Nguruwe hula pumba," alisema. "Au siyo, Obedi?"

Obedi alijua sivyo. Akaitikia, "Ndiyo, bosi."

Nguruwe aliyekaribia kuzaa aliparua saruji tupu hadi pua ikachubuka. Akazaa bila kiota, akihangaika, akiinuka na kujibwaga. Kulipokucha, watoto wake karibu wote walikuwa wamelaliwa, wamekufa.

Obedi alikwenda hospitali. Alimweleza Hilda yote, macho sakafuni. Machozi yalimtiririkia Hilda sikioni.

"Na yule nguruwe mwenye doa?"

"Karibu atazaa, mama. Ameshaanza kuparua."

"Yoramu umemwambia?"

"Nimeshindwa. Nilidhani wewe ukisema, atasikia."

Hilda akatafuta mkono wake juu ya blanketi, akaushika.

"Mimi sitoki humu, baba. Mwambie wewe. Na usiseme nimekutuma, sema umeona."