Salamu ya Mama Zaina

Juzi niliingia duka la dawa kumnunulia mwanangu dawa ya kikohozi, nikapokewa na harufu ya mpira mpya. Nyuma ya kioo zilipangwa poire, zile za rangi ya chungwa, kubwa kwa ndogo. Kama hukukulia Kisangani, nikueleze: ni kibofu cha mpira chenye mdomo mrefu. Hujazwa maji ya dawa, mtoto hulazwa kifudifudi juu ya mapaja ya mtu mzima, na mengine nayaacha. Siku mwalimu alipotuonyesha katika kitabu cha Kifaransa kwamba poire ni tunda, tena linaliwa, darasa zima lilimtazama kwa huruma.

Nyumbani kwetu Kabondo, poire ilikuwa mali ya Koko, mama mzaa baba. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Kwa Koko kila ugonjwa ulianzia tumboni, na kila tumbo lilikuwa na uchafu wa kutolewa. Ukikohoa, poire. Ukifeli hesabu ulikuwa salama, ingawa alikuangalia kwa mawazo.

Msimu mmoja wa mvua ugonjwa wa tumbo uliingia kwetu, ukaanza na mimi. Mdomo ulijaa mate, na pondu, ile mboga ya majani ya muhogo niliyoipenda siku zote, ikaninukia vibaya ikiwa motoni. Nilitapika hata maji. Kisha tumbo likaanza kunyonga, nikawa mtu wa kukimbilia uani, na homa ndogo ikanishika. Mama akafuata. Leo naamini kilikuwa kirusi, na kwamba kilitembea kwenye kikombe kimoja cha bati tulichonywea wote. Wakati ule tulisema tu kwamba ni zamu. Mimi nilipona, na Koko akasema ni kazi ya poire.

Zamu ikamfikia Mado, mdogo wangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Tangu alfajiri alitapika na kuhara maji matupu. Baba alikuwa amepanda boti kwenda Basoko kununua samaki, na Mama alikuwa bado kitandani, hawezi kusimama. Koko akachemsha tangawizi, akaiacha ipoe, akamlaza mtoto mapajani. Mado alilia sana. Mchana Koko akarudia, Mado akalia kidogo. Alasiri hakulia kabisa. Alilala mkekani macho nusu wazi, na nilipomshika mkono nikaukuta baridi.

"Amepoa," Koko akasema, akaenda kuiosha poire yake. Nami nilifurahi, kwa sababu nyumba ilikuwa imetulia.

Ndipo akaingia Mama Zaina, jirani yetu mshona nguo, kuomba chumvi. Alikuwa wa moja ya zile familia za Waislamu wa zamani mjini, mtu wa maneno machache. Alimwona Mado, akaweka kibakuli chini. Akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama. Mado akakunja uso, sauti ndogo ikatoka, lakini shavu likabaki kavu.

"Analia bila machozi," Mama Zaina akasema. "Alikojoa saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Koko alisimama mlangoni, poire mkononi ikidondosha maji.

"Pardon, Koko," akasema Mama Zaina kwa heshima. "Hajapoa. Mutoto iko anakauka. Ile poire tuiache."

"Tumbo iko na uchafu," Koko akasema.

"Tumbo haina kitu tena, Koko. Ni mayi yake tu ndiyo inatoka."

Chumvi aliyokuja kuomba aliitumia humo humo mwetu: aliitia kidogo tu kwenye maji yaliyochemshwa, pamoja na sukari. Akaonja. "Isipite chumvi ya machozi," akaniambia, nami nikaonja. Akamnywesha Mado kijiko kimoja kimoja. Alipotapika, alingoja kidogo, akaanza tena. Halafu akamfunga kifuani kwa kitenge, akapanda toleka, akamwambia mwenye baiskeli asipite kwenye mashimo, wakaenda zahanati. Huko walimtundikia Mado serumu, maji ya kupitia mshipani. Kesho yake alilowesha kile kitenge, na Mama Zaina akacheka peke yake. Mimi nilidhani ana wazimu kidogo.

Tangu hapo hakumsalimu Mado kama watu wengine. Alimwita juu ya ukuta: "Mado, ulikojoa?" Alimwuliza akienda shule. Alimwuliza akiwa msichana mkubwa, mbele ya wavulana, na Mado akashinda akinuna. Alimwuliza hata siku ya harusi, gauni jeupe mwilini, wageni wakiwa kwenye mstari. Mado alikuwa ameshachoka kugomba. "Ndiyo, Mama Zaina," akajibu.

Mwaka jana Mama Zaina alifariki. Tulikaa matangani na dada yake, naye ndiye aliyetusimulia. Kabla hatujahamia mtaa ule, Mama Zaina alikuwa na mtoto wa kiume. Aliharisha kutwa, akalia, kisha akanyamaza. Mama Zaina mwenyewe akamfunika vizuri, akawaambia majirani kwamba amepoa, akarudi kwenye cherehani yake. Mtoto hakuamka tena.

Miaka yote nilidhani alikuwa anamtania mdogo wangu. Kumbe alikuwa anauliza kweli, na kila siku alihitaji jibu.

Mado alikuwa ameketi kando yangu, mashavu yamelowa.

"Ndiyo, Mama Zaina," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikojoa."