Zamu ya Maji Tongoni

Elifuraha wa Machame hakupanda treni ya Moshi kwenda Tanga ili kutazama makaburi. Alikwenda na mkungu mmoja wa mshare, ndizi za kupika, kutafuta mnunuzi wa kudumu. Mkungu huo ndio uliokuwa sampuli yake. Ukikataliwa, arudi kushindana na wenzake sokoni Moshi, ambako kila mtu ana migomba.

Lakini Bwana Sadallah, mwenye duka wa Tanga aliyemwendea, hakutaka habari za biashara.

"Leo Jumapili, mgeni. Twende Tongoni ukaone magofu. Ndizi hazina miguu."

Elifuraha akapanda lori na mkungu wake mapajani.

Walipofika pwani aliutua kivulini mwa mikoko, kwenye mfereji mkavu wa mchanga, wakaenda kuona msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo.

"Mwenyewe nani?" Elifuraha akauliza, akigonga ukuta.

"Walikufa zamani, mamia ya miaka."

"Na mawe mazuri hivi hamuuzi?"

"Astaghafirullahi! Makaburi haya!"

"Nimeuliza tu, bwana. Kuuliza si kununua."

Waliporudi, mfereji ulikuwa umejaa, na mkungu unaelea kuelekea Pemba. Kwao Machame, maji ya mfereji wa kumwagilia migomba hufunguliwa kwa zamu, na anayeyafungua bila kutangaza hutozwa pombe. Elifuraha akakunja suruali, akaunguruma:

"Nani kafungua maji? Leo zamu ya nani?"

Sadallah akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mgeni, hiyo bahari! Inajaa yenyewe, kila siku."

"Na wewe ulijua?"

"Hata mtoto mchanga wa Tanga anajua!"

Elifuraha akakunjua suruali polepole. Hasira ilikwisha, hesabu ikaanza.

"Basi ulijua maji yanakuja, ukaniona natua mali yangu mferejini, ukanyamaza. Kwetu hiyo ina faini. Mkungu huo sasa ni wako. Ingia ukautoe."

"Mimi? Na kanzu hii?"

"Ivue. Mkungu unazidi kwenda."

Sadallah akaingia majini huku akicheka na kulaani. Jioni mkewe, Shani, akazipika ndizi zile kwa nyama. Sadallah akala, akaongezwa, akafuta sahani kwa kidole.

"Ziko tamu, mgeni. Wiki ijayo niletee mikungu kumi."

"Nitaleta," Elifuraha akasema, akisogeza kiti. "Ila ule uliulipia kwa faini ya kuingia majini, bwana. Hiyo kumi ina bei."

Wakaanza kuvutana bei, na Shani akaenda kulala.