Debe la Korongoni

Hata leo, nikipita duka la pembejeo na harufu ya dawa ya kunyunyizia ikanifika, mimi huvuka barabara haraka.

Juu ya kwetu, Oldeani, palikuwa na shamba kubwa la kahawa. Takataka zake zote zilitupwa kwenye korongo tulikochungia mbuzi. Enzi hizo ndoo haikupatikana dukani hata ukilia, kwa hiyo mama alipookota debe zima, lenye mfuniko wake, alirudi nyumbani akiimba.

Bibi alilinusa. "Linanuka dawa hili."

"Nitalifukiza, mama," mama akamjibu. "Mbona hata kibuyu kipya huwa kichungu?"

Akalisugua kwa majivu na mchanga. Akatia kijinga cha mzeituni pori, akalifunika mpaka moshi ukatulia, akalisuuza, kama tulivyofanyia vibuyu vya maziwa siku zote. Likanukia vizuri. Jioni akalijaza maziwa. Mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akanywa kabla yetu sote, kwa kuwa ndiye tuliyemdekeza.

Tulimzika kabla maziwa yaliyobaki hayajaganda.

Msimamizi wa shamba alikuja msibani. Hakukaa. "Poleni," alisema, kisha akamgeukia mama: "Lakini nani aliwaruhusu kuchukua mali ya shamba?"

Msimamizi akalibeba debe mwenyewe, na alipofika korongoni akalitupa palepale mama alipoliokota.