Adhana Ilipolia Nimeshika Springi

Shoga yangu, wewe nakuamini, kaa nikuhadithie. Leo asubuhi mtunza bustani wa jengo letu hapa Al Nahda alikuwa akivuta kamba ya mashine ya kukatia majani. Krrr. Krrr. Haiwaki. Harufu ya petroli ikapanda mpaka dirishani, nikajikuta nimekaza vidole gumba kama mtoto wa miaka tisa.

Maana nilipokuwa na umri huo, baba alitunza bustani ya arbab mmoja, tajiri aliyemwajiri, nasi tukikaa chumba cha nyuma ya nyumba yake. Baba alikuwa na jicho moja tu linaloona. La pili lilipigwa na kijiwe kilichorushwa na mashine ya arbab ya kukatia majani. Basi siku moja kamba ya kuiwashia ikakatika, na arbab ana wageni kesho yake. Mama yumo jikoni kwa madam, mke wa arbab. Tuliobaki ni baba na mimi.

Akaifungua mashine uani. Ndani mna gurudumu dogo la kuzungushia kamba, na chini yake springi, chuma chembamba kilichojikunja kama nyoka aliyelala. Baba akalizungusha gurudumu mpaka springi ikakaza, ikawa inalia ti-ti-ti. Bolti ya katikati ilikuwa imelika, haishiki. Akanipa mimi nilibane gurudumu kwa vidole gumba, ili yeye apenyeze kamba mpya tunduni apige fundo.

"Ukiachia, itaruka," akasema.

"Itaruka wapi, baba?"

"We shika tu."

Niliona mwenyewe itaruka wapi. Uso wake ulikuwa shibiri moja na ile springi, maana bila kuinama hivyo hakioni kitundu.

Ncha ya kamba imechanua. Anailamba, anaisokota, haiingii. Vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, jasho linateleza.

"Mikono ya mamako hiyo," akanitania. "Ikishika haiachi, niulize mimi."

Nikacheka, springi ikacheza.

Hapo ndipo adhana ya magharibi ikalia.

Sasa ujue, mama alitulea kwa sheria moja: adhana ikilia, mkono unaacha kazi. Kisu kinawekwa chini, sindano inabaki kwenye kitambaa. Hofu ikanijia pande mbili. Nikiachia, jicho la baba. Nisipoachia, Mungu. Machozi yakadondokea chuma, nami siwezi kuyafuta.

"Baba, adhana!"

"Naisikia. Iitikie kwa mdomo. Mikono ibaki hapo hapo."

Nikaitikia neno kwa neno, naye anaitikia huku anapenyeza. Muadhini hajamaliza, fundo likakaza, sasa kamba ndiyo inayolishika gurudumu.

"Khalas, mwanangu. Achia."

Kamba ikavutwa ndani, fyuu! Vidole vyangu havikukunjuka mpaka baba alipovikunjua kimoja kimoja.

Mama alipotoka jikoni nikamwambia, huku nalia, kwamba adhana imelia na sikuacha kazi. Alinipita moja kwa moja. Alikishika kichwa cha baba kwa mikono miwili, akalitazama lile jicho zima, akalitazama tena, kisha akaenda kutawadha.

Miaka mingi nilidhani amenikasirikia. Nilipopata watoto wangu ndipo nikafahamu: mama siku ile alikuwa akiliogopea lile jicho. Na nikafahamu kuwa nilichoshika kilikuwa amana, na Mwenyezi Mungu hamwambii mtu atupe amana ndipo amwendee. Baba alizeeka akisoma msahafu kwa jicho lilelile.

Basi shoga, ukimwona mtoto anamwogopa Mungu kama nilivyomwogopa mimi, mpe kisa hiki, na umwombe naye ampe mwenziwe.