Mama Alipokula Gogogo

Gogogo si samaki wa kujivunia. Ni jamaa mdogo wa kambare, ana sharubu na miiba migumu, na ukimshika analia kama mlango usiotiwa mafuta. Anakula matope, mizoga, chochote kilichozama. Ndiyo maana kwetu, mtu akipotelea mtoni, hakuna anayemgusa samaki huyo mpaka mwili upatikane. Haitangazwi. Watu wanaacha tu.

Masika ile kaka yangu alivuka Malagarasi kwa mtumbwi, upande wa Mabamba, kwenda Burundi kununua maharage. Siku ya kurudi, mtumbwi ulionekana umepinduka, umenasa kwenye matete. Simu yake haikupatikana. Vijana walipiga mbizi, wakapekua matete, wakarudi mikono mitupu.

Kesho yake nilipita sokoni. Muuza samaki alikuwa na beseni limejaa gogogo, na hakuna mnunuzi. Wanawake ambao siku zote huyagombania mafungu yale walinisalimia kwa upole mno, wakanunua dagaa. Nilitamani kuwatukana. Walikuwa wameshamzika kaka yangu bila hata jembe.

Nilipomweleza mama, alijifunga kitenge, akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na fungu kubwa. Akavunja miiba, akaunga kwa mawese, akasonga ugali wa muhogo, akatandika mkeka mbele ya nyumba, kila apitaye aone. Shangazi, dada yake baba, akaja mbio.

"Wifi, una wazimu? Ukila huyo samaki unakula..." Hakumaliza.

"Mwanangu yu hai," mama akasema. "Karibu chakula, wifi."

Shangazi akarudi kinyumenyume. Mama akanigeukia.

"Kula. Ukikataa, na wewe umemzika."

Nikamega. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kile nilichokuwa nakitafuna. Mama alikula bila haraka, huku akiitikia salamu za wapita njia. Alipokwisha kunawa akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akitapika. Akarudi anajifuta mdomo.

"Kesho tena," akasema.

Kesho yake tukala tena, na kesho kutwa pia. Majirani wakaanza kupita njia ya nyuma.

Tulikuwa mkekani kaka aliposhuka kwenye lori lililotoka Manyovu, amevaa shati la kuazima. Mtumbwi ulikuwa umepinduka naye, maji yakamtupa ng'ambo, simu ikazama, ikabidi azunguke kwa barabara. Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa mbele ya nyumba. Mama peke yake hakuinuka. Kaka akachuchumaa mbele yake, akachungulia sufuria.

"Gogogo! Hamkuniachia hata mmoja?"

Mama akamshika uso kwa mikono iliyojaa mawese, akampapasa masikio, shingo, mabega, kisha akaangua kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, hata alipokufa baba.

"Sikuwa na hakika, mwanangu," akasema. "Kila tonge, sikuwa na hakika."