Maili za Baba, Kilomita za Mjomba

Harufu ya petroli mpaka leo hunirudisha utotoni. Mwaka 1979 nilikuwa msichana wa miaka tisa, na mji wetu wa Arua wote ulikuwa ukihama. Askari wa serikali iliyoangushwa vitani walipita wakinyang'anya magari, na sisi, watoto wa mwanajeshi mwenzao, tuliambiwa kwamba washindi wanaowafuata nyuma watatulipizia kisasi. Baba alituma ujumbe twende Koboko kwa bibi, atatukuta huko. Gari lake kuukuu lilikuwa uani. Aliyekuja kuliendesha ni Mjomba, kaka yake mama, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, Kongo.

Mama alimwambia alilosikia kwa baba siku zote: Koboko ni thelathini na nne. Mjomba akapiga hesabu ya kwao, lita moja kilomita kumi, akacheka kwamba lita saba tulizo nazo ni za kuchezea. Jirani yetu alikuwa na mke mjamzito na pikipiki isiyo na hata tone. Kutoa ni moyo, si utajiri. Mjomba akamnyonyea lita tatu kwa mpira, nasi tukaondoka tukiombewa dua.

Nilikaa nyuma juu ya godoro, nimempakata mdogo wangu. Katikati ya njia mama aliuliza mbona mshale wa mafuta umelala. Mjomba akasema tumekaribia. Mama akaitazama mita ya mwendo, kisha akasema, "Kaka, thelathini na nne ile ni maili. Baba yao aliisoma kwenye mita hii hii." Jamani! Maili moja ni kilomita moja na nusu na ushee. Safari ilikuwa ya kilomita hamsini na kitu, na sisi tulikuwa na mafuta ya arobaini. Nikaona shingo ya Mjomba ikilowa jasho.

Kila mteremko alizima injini, gari likateleza lenyewe. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele, maana niliweza kusikia risasi za mbali na meno ya mdogo wangu yakigongana. Nilijikojolea, wala sikuona haya. Karibu na Dranya, kabla ya kufika Koboko, gari likakohoa, likafa. Tulikuwa tunalisukuma askari watatu walipotoka kwenye mihogo.

"Petroli iko wapi?"

Mjomba akasema imekwisha. Hawakumwamini. Mmoja akaingiza mpira kwenye tanki, akavuta, akavuta tena, akapata hewa tu. Akatema mate. "Bahati yako. Kama ingekuwa iko, wewe ungetupeleka Sudan." Madereva waliochukuliwa hivyo, wengi hawakuonekana tena. Walibeba godoro letu, wakaenda zao. Tulitembea mpaka kwa bibi, mama amemshika Mjomba mkono kama mtoto. Baba alitukuta baadaye, amekonda.

Leo njia ile ni ya lami. Gari langu huandika lenyewe kwamba linatumia lita nane kwa kilomita mia, nami bado huigeuza hesabu hiyo kichwani: kilomita kumi na mbili na nusu kwa lita, maili thelathini na tano kwa galoni. Wanangu hunicheka, wakisema vituo vya mafuta viko kila mahali. Ni kweli. Nikitoka Arua hujaza tanki hadi juu, lakini tukifika Dranya viganja vyangu hulowa. Sijui naogopa mafuta yataisha, au naogopa kwamba yapo.