Nzula Ajiandikia Sifa

Nzula Kitavi ana shahada ya uzamili katika fizikia, na kazi yake ni kupiga watu picha za pasipoti katika kistudio kimoja pale Adams Arcade. Cheka ukitaka, yeye alishaacha. Miaka minne sasa anawapiga wenzake picha, wanapanda ndege, naye anabaki akifuta lenzi. Chuoni alitunga programu inayoondoa ukungu kwenye picha za darubini mpaka kijidudu cha malaria kikaonekana wazi. Tangu hapo anataka kimoja tu: maabara itakayompokea aiendeleze kazi hiyo kwa shahada ya uzamifu. Ameomba nafasi kumi na sita, akakosa zote.

Ya kumi na saba, huko Ulaya, ilimjibu. Profesa alimhoji kwa video, akaipenda programu, akasema imebaki barua tu ya mhadhiri aliyemsimamia. Nzula akaenda mbio kwa mhadhiri huyo, Daktari Bramwel.

"Nzula, mimi niko na mitihani ya kumark," akasema. "Wewe andika tu hiyo barua, uniletee nisign."

Ndivyo mambo yanavyokwenda huku, wala hakuna anayeshtuka. Ila Nzula alilelewa na mama wa kanisani, asiyechoka kusema kizuri chajiuza. Mara tatu aliandika "ana kipaji", mara tatu akaona haya, akafuta. Mwishowe akaandika kwamba Nzula ana nidhamu, huheshimu wakubwa, hufika mapema na hajawahi kuleta matata. Barua ya kumtafutia mtu kazi ya nyumbani kwa matajiri wa Spring Valley! Kuhusu programu, hata neno. Bramwel alitia sahihi huku akiongea na simu.

Jibu lilikuja Alhamisi, mteja akiwa ameketi mbele ya kitambaa cheupe. Profesa aliandika kwa upole. Programu ilimvutia, lakini mhadhiri aliyemsimamia miaka miwili hakuona la kutaja katika kazi yake, na kamati ikajiuliza kama kweli kazi hiyo ni yake. Nafasi wamempa mwingine.

Ajiteteeje? Akisema barua aliiandika mwenyewe, amekiri udanganyifu na kumchomea mwalimu wake. Akinyamaza, amekubali kwamba programu si yake. Akampigia Bramwel.

"Woi, pole sana. Sasa ingine ikitokea, andika tu, uniletee. Mimi nitasign hata leo."

Nafasi nyingine ilikuwapo, mwisho wa kutuma maombi ni kesho yake. Nzula alimkabidhi mteja picha zake, akaketi kwenye kompyuta ya studio. "Nzula Kitavi ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha," akaandika. Akatupa jicho mlangoni kama mtu aliyeiba. Akafuta "bora". Sentensi ikabaki hapo haisemi kitu, naye akaikodolea macho mpaka mwanamke mmoja akaingia kuulizia picha za viza.